Mama Mdogo wa Baba Shuvai

Katika kiwanda chetu cha mikate, kule Mutare, mtu aliyependwa kuliko wote alikuwa na kazi ambayo hakuna aliyeitaka. Jina lake Cephas Chigodora, lakini tulimwita Baba Shuvai, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alisimama mbele ya tanuri tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Tanuri lenyewe ni la matofali na linakula makaa ya mawe, na halizimwi. Likipoa, matofali hupata nyufa, na kulipasha upya ni kazi ya kutwa nzima. Kwa hiyo siku zote lazima awepo mtu wa kulitazama, na mara nyingi mtu huyo alikuwa yeye.

Mimi nafunga mikate. Natia mkate kwenye mfuko, nakaza kifungo, nasema maneno, na wenzangu hudai hilo la tatu ndilo ninalolifanya vizuri zaidi. Basi niacheni niseme.

Wenye kiwanda wa zamani waliuza, na walionunua walikaa Harare, wakawa wanatujua kwenye karatasi tu. Kitu cha kwanza walichofanya ni kupunguza watu. Waliobaki wakarithi kazi za walioondoka, bila kurithi mishahara yao. Nilikuwa nafunga mikate ya watu wawili kwa mikono ileile miwili, na jioni vidole vilikuwa vimekakamaa hata kifungo cha blauzi yangu nafunguliwa na mwanangu Netsai.

Sasa mwajiri ni rahisi sana kumdanganya. Mwili unampelekea, moyo unaubakiza nyumbani. Wanaume wa kukanda walisahau chumvi na hawakujali. Esnath wa mezani kwangu alimzika bibi yake mara mbili, wa upande uleule. Mimi mwenyewe mfuko ukitoboka niliufunga hivyohivyo, mkate ukaenda dukani na tundu lake. Sikuwa mwovu. Nilikuwa nimechoka, mgongo unauma, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mgongo unaendeleaje.

Hata Baba Shuvai alikuwa amefika mwisho. Alimwambia mkewe kwamba baridi ikiisha ataacha kazi, warudi kwao Buhera wakafuge mbuzi. Mama Shuvai alifurahi, akaanza kukusanya mbegu za maboga na kuzianika juu ya bati la choo. Tunaishi jirani, Sakubva, uzio wetu mmoja, na nilimwona akizigeuzageuza huku anaimba.

Ndipo akaja meneja mpya, binti mmoja anaitwa Vimbiso. Alikuwa na umri wa watoto wetu, kiatu kizuri, sauti ya shule. Tukakusanywa uani, pale magari yanapopakia, ili tumwone. Baada ya hotuba yake Baba Shuvai akamuuliza, kama mtu mzima yeyote anavyomuuliza mgeni, yeye ni wa ukoo gani. Binti akajibu kwamba wao ni Shava, wale wa pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, akasema kama mtu anayetaja namba ya kiatu.

Baba Shuvai akaweka chini koleo lake refu la mbao. Akachutama palepale kwenye vumbi la unga, akapiga makofi ya viganja vilivyokunjwa kama kikombe, taratibu, akasema, "Karibu nyumbani, Mama Mdogo."

Mama yake mzazi, marehemu, alikuwa Chihera, na Chihera ndilo jina la kila mwanamke wa ukoo wa Shava. Kwetu wanawake wote wa ukoo wa mama yako ni mama zako, awe ajuza, awe bado ananyonya. Umri hauna kauli hapo. Tukacheka mpaka machozi, mzee wa mvi kumchutamia mtoto wa juzi. Vijana wakasema sasa tumekwisha, maana machihera wanajulikana kwa ukali, mume wa Chihera hula chakula akiwa amesimama. Vimbiso naye akacheka. Akamwambia, "Haya inuka, mwanangu, ukafanye kazi."

Kwake ulikuwa utani. Jioni ile Baba Shuvai alifika nyumbani akamwambia mkewe aondoe mbegu juu ya bati, hawaendi tena Buhera. Hawezi kumwacha mama yake peke yake na watu wale wa Harare.

Tangu siku hiyo alifanya kazi kama nyumba inaungua. Mtu wa zamu akichelewa, yeye hubaki. Asipokuja kabisa, yeye husimama zamu mbili. Vimbiso alikuwa ameahidi Harare mikate mingi kuliko tuliyoweza kuoka, na kila walipompigia simu alitoka ofisini akaja moja kwa moja tanurini. "Mwanangu, nisaidie leo tu," ndivyo alivyosema. Leo tu hiyo ilikuwa na kesho yake na keshokutwa yake. Nami kwa kinywa changu hiki nilimwambia Baba Shuvai kwamba anatumiwa, kwamba kwa yule binti sasa ni punda afe mzigo ufike. Akanijibu kwa upole kwamba mimi sijui, yule mtoto anateseka.

Kwa haki, hilo lilikuwa kweli. Siku moja niliingia chumba cha hamira nikamkuta Vimbiso amesimama katikati ya maboksi, simu sikioni, anasema ndiyo bwana, ndiyo bwana, na mkono mwingine umeshika tumbo. Alikuwa anaishi kwa maziwa na vidonge vya vidonda vya tumbo. Alivaa mkanda na mkanda ukawa unaongezewa matundu. Nilipandwa na huruma, kisha nikakumbuka mgongo wangu, huruma ikashuka.

Vijana wa kukanda hawakumwacha Baba Shuvai. Kwetu mtu akimtesa mama yake, na mama akafa hawajapatana, balaa lake halina dawa mpaka mtu avae gunia apite vijijini akiomba nafaka, watoto wanamzomea nyuma. Basi wakawa wanamwonyesha magunia matupu ya unga na kumwambia achague lake mapema, yakiisha atavaa mfuko wa sukari. Alicheka nao. Lakini nilimtazama usoni, nikaona kwamba lile jambo yeye hakuwa analitania.

Kikohozi kilianza na baridi. Kwanza tukasema ni makaa. Halafu kifua kikaanza kupiga mluzi, akipanda ngazi tatu za ghala unamsikia toka mezani kwangu. Miguu ikavimba, akakata viatu pembeni kwa kisu ili viingie. Nikimwambia aende zahanati anasema atakwenda Jumatatu. Akienda ataandikiwa mapumziko, na akipumzika tanuri litakosa mtu, mikate itapungua, na Mama Mdogo atafukuzwa. Hesabu yake ilikuwa imekamilika hivyo, na yeye mwenyewe hakuwamo.

Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini mke huumbua mapema zaidi. Jumamosi moja Mama Shuvai alinijia jikoni, akakaa juu ya ndoo niliyoigeuza, hata hakunisalimu vizuri. Akaniambia mumewe halali tena kitandani. Analala ameketi kwenye kiti, kichwa juu ya meza, maana akilala chali anakosa pumzi. Na alfajiri anaamka, anavaa vile viatu vilivyokatwa, anatoka. Amemwomba, amelia, amemfichia suruali. Alikwenda na suruali ya kanisani.

Nikamwambia twende kazini Jumatatu, kuna mwakilishi wa wafanyakazi, tuombe kuonana na meneja.

"Ofisini mimi nitakuwa nani?" akaniuliza. "Mke wa mfanyakazi. Nitasimama mlangoni na mkoba wangu, niambiwe nisubiri. Nyumbani kwake mimi ni mkamwana."

"Mkamwana wa nani?"

"Wake. Si ni mama wa mume wangu? Wewe unajua anapokaa. Kesho unanipeleka, nikamfagilie uwanja."

Nilidhani huzuni imempanda kichwani. Mkamwana hufagia uwanja wa mama mkwe asubuhi zile za mwanzo, akiwa bibi harusi bado hajazoea nyumba. Mama Shuvai alikuwa na wajukuu. Nikamwambia, "Yaani wewe, na magoti yako hayo, ukamfagilie mtoto ambaye ungeweza kumzaa?"

"Ndiyo. Na wewe utabeba ndoo."

Nikabeba ndoo. Jumapili, ukungu bado umelala juu ya milima, tulipanda mpaka mtaa wa Chikanga, wakati wenzetu wanakwenda kusali. Vimbiso alikuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya watu, na uwanja wake umejaa majani ya mparachichi, maana hakuwa na siku ya kuufagia. Mama Shuvai alikuwa amevaa kitenge na kitambaa kichwani kama siku ya sherehe. Akainama, akaanza kufagia kuanzia mlangoni. Mimi nikasimama na ndoo yangu, naona aibu ya watu wawili.

Mlango ukafunguliwa. Vimbiso alikuwa na kanga, mswaki mkononi, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Alinitambua mimi, Mama Shuvai hakumjua. Akauliza nani ametutuma, yeye hakuomba mtu wa kufagia.

Mama Shuvai akalaza ufagio chini. Akapiga magoti juu ya majani yale, pole pole, goti moja kisha lingine, akapishanisha viganja akapiga makofi kama wanawake wa kwetu wanavyopiga. "Nisamehe, Mama," akasema. "Nimechelewa kuja. Mimi ni mke wa mtoto wako, Cephas. Tangu ulipofika sijaja hata kukuchotea maji."

Vimbiso alinitazama mimi. Nikatazama mparachichi.

"Mama, tafadhali inuka," akasema, na sauti ya shule ilikuwa imemtoka. "Mimi ni mtoto kwako. Yale ya kazini, Baba Shuvai na mimi tunataniana tu."

"Wewe unatania, Mama. Yeye hatanii."

Mama Shuvai hakuinuka. Alisema akitazama chini, kama mkamwana anavyosema, bila kupandisha sauti. Alisema mama mkwe wake wa kwanza, aliyemzaa mumewe, alipokuwa anakata roho, alimshika mkono akamwambia mwanangu huyu hajui kulalamika, atabeba mpaka adondoke, wewe ndiye utakayelalamika kwa ajili yake. "Miaka yote hiyo nimekosa wa kumlalamikia. Nikawasikia wanasema amepata mama kazini. Basi nimekuja kwa mama yake. Mtoto wako analala ameketi. Kifua kinalia. Miguu imejaa maji. Nikimwambia baki, anasema nimemwahidi mama. Mimi sina nguvu ya kushindana na mama wa mtu. Wewe ndiye mwenye mtoto, sema nikufanyie nini."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nilitaka yule binti aseme neno moja baya ili nimmwagie yote, kazi za watu wawili, vidole vyangu, bibi wa Esnath, kila kitu. Hakusema. Aliketi kwenye ngazi na mswaki wake, akaanza kulia bila kujificha, kama mtoto aliyepigwa shuleni akajikaza mpaka akafika nyumbani. Akasema hakujua. Kisha akajisahihisha mwenyewe, akasema alisikia kile kifua, kila mtu alikisikia, alikuwa anajiambia mwezi huu upite. Akasema na yeye halali. Akasema Harare wakipiga simu anatapika.

Mama Shuvai akainuka sasa, akiegemea ndoo yangu. Akaingia ndani kwa mama mkwe wake, akawasha jiko, akapika uji, akamkalisha akaunywa wote. Nilimpenda sana yule mwanamke saa ile. Mimi nilimaliza kufagia.

Mchana Vimbiso akashuka nasi Sakubva. Baba Shuvai alikuwa kwenye kiti chake, amekaa mbele, mikono juu ya magoti, anatafuta pumzi. Alipomwona akataka kuchutama. Vimbiso akamshika mabega. Akamwambia gari la kwenda hospitali liko njiani, na usiku huu haendi kazini, wala kesho, wala keshokutwa.

"Mama Mdogo, nani atasimama tanurini?"

"Hakuna."

"Zamu ya kuanzia jioni hii haina mtu. Nimeitazama mwenyewe. Litapoa."

"Basi lipoe, mwanangu," Vimbiso akasema. "Lipoe."

Sijui kama msomaji anaelewa neno hilo lina uzito gani kwa mtu wa tanuri. Ni kama kumwambia mchungaji aache zizi wazi. Baba Shuvai alimkodolea macho muda mrefu. Halafu mabega yake yakashuka, yote mawili kwa pamoja, na akaanza kulia, mzee wa watu, bila sauti, maana hata pumzi ya kulilia hakuwa nayo. Mkewe akamfuta uso kwa upindo wa kitenge kilichokuwa bado na majani ya Chikanga.

Jumatatu tulifika kazini tukakuta tanuri limepoa. Nilitia mkono ndani, pale ambapo hakuna mkono uliowahi kuingia tangu nianze kazi, nikagusa matofali. Yalikuwa na uvuguvugu tu, kama tumbo la mbwa. Vimbiso alitukusanya uani, akatuambia kwa nini, akijitaja mwenyewe na kumtaja Baba Shuvai. Hakutoa sababu ya umeme wala ya makaa. Kisha akaanza kutuita mmoja mmoja, si kutugombeza, kutuuliza tunaumwa nini. Ilipofika zamu yangu nilikuwa na hotuba ndefu. Nikasema, "Mgongo," nikashindwa kuendelea.

Tanuri likapata ufa mmoja, wakauziba kwa udongo. Vimbiso akawarudisha wawili kati ya waliopunguzwa, tanuri likawa la watu watatu kwa zamu fupi. Kwenye kufunga nikapata msaidizi. Mikate ilipungua kwanza, kisha ikapanda kidogo, ingawa haikufika walipotaka Harare. Lakini niliona vitu ambavyo haviingii kwenye karatasi za Harare. Chumvi ikarudi kwenye mikate. Bibi wa Esnath akaacha kufa. Na siku moja nilijishtukia nimetupa mfuko uliotoboka na kuchukua mwingine, bila mtu kunitazama.

Baba Shuvai walimkuta na unga wa miaka yote kifuani, na moyo umechoka kuusukuma. Walimwambia ataishi, lakini tanurini asirudi tena. Akarudi nyumbani amekonda, analala kitandani kwa mito mitatu, na mkewe anamtangazia kila jirani kwamba amelala, kama mtu anayetangaza ameolewa.

Mvua zilipokaribia wakamfukuza Vimbiso. Walisema amedekeza watu. Meneja aliyemfuata hakuwa mtu mbaya. Alisikia habari za Baba Shuvai, akamtumia salamu kwamba kuna nafasi getini, kazi ya kukaa, aje. Baba Shuvai akamshukuru sana mjumbe, akamwambia amwambie meneja kwamba yeye kazi kwao alishaiacha zamani, kabla ya baridi, ila alibaki kidogo kumsaidia mama.

Vimbiso alikuja kuaga Jumamosi, mizigo yake ikiwa tayari imetangulia Harare kwa dada yake. Nilikuwa kibarazani kwa Baba Shuvai, nabangua karanga na Mama Shuvai, na mwenyewe ameketi kitini karibu yetu. Tukamtolea kiti, akakataa, akakaa nasi mkekani. Alituchekesha kwa jinsi walivyomfukuza, bwana mmoja kwenye simu alikuwa anakatikakatika kwa mtandao mbaya, ikabidi amwombe arudie kumfukuza. Tulicheka wote. Kisha akashika ganda la karanga akawa analivunjavunja.

"Nyie mlikuja kwangu kulalamika," akasema. "Mimi nimekaa nikawaza, hivi mimi mtu wangu wa kumlalamikia ni nani?"

Mama Shuvai aliacha kubangua. Baba Shuvai akashuka kitini, pole pole, mkewe akataka kumzuia, akamwondoa mkono. Akachutama mbele ya yule binti, kifua kikipiga mluzi, akapiga makofi yake ya kikombe.

"Sema, Mama Mdogo," akamwambia. "Leo sina zamu."